Saba Ndani ya Chupa

Jumatano ya Majivu, Dun Salvu paroko wetu
alinichora msalaba kwenye paji la uso,
kisha mlangoni akaniuliza, kama anavyomwuliza kila mtu:
"Wistin, mwaka huu umejinyima nini?"
Nikasema, jibini.
Akanipiga bega. "Kwako hiyo ni sawa na kujinyima pumzi."
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
na uongo ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwaresima hapa Gozo twaiita Randan,
jina la mfungo wa majirani wa ng'ambo.
Lilitufikia zamani, likabaki, likabatizwa,
wala hakuna aliyewahi kulidai.
Katika Randan mama yangu Ġorġa
aliamka kabla ya kengele,
akakamua kondoo kumi na mmoja,
akagandisha maziwa, akayateka kwa kijiko cha bati,
akayalaza ndani ya vikapu vya matete,
kila kimoja sawa na ngumi ya mtoto,
na kwa siku arobaini
hakulamba hata kidole.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwona
akipeleka kiganja puani, macho kayafumba,
akivuta harufu, kisha akanawa.
"Kunusa si kula," akaniambia bila kugeuka.
Nilimwona mjinga. Nilikuwa na jibini mbili mfukoni.

Alikufa Novemba, wiki ya mvua ya mawe.
Kondoo nimemwuzia Ġużepp wa Santa Luċija,
wote isipokuwa mmoja, kilema, aliyemkataa.
Vikapu vimening'inia ghalani, vikavu,
vinalia upepo ukipita.
Na kwenye rafu, nyuma ya kopo la kahawa,
chupa ya siki na pilipili manga:
jibini saba za mkono wake,
za mwisho.

Basi sasa umeelewa, Dun Salvu.
Wasema mwenye njaa hana miiko.
Mimi njaa sina; miiko ndiyo ninayo.
Sikufunga kwa ajili ya jangwa wala shetani,
wala mawe yaliyotakiwa yawe mikate.
Nimefunga zisiishe.
Nimemtolea Mungu sadaka
ya kitu nilichokuwa nimekwisha kumficha.

Nakula dengu. Nakula mkate na mafuta ya zeituni,
vitunguu, dengu tena.
Usiku naamka, nafungua friji nipate mwanga,
naigeuza chupa polepole:
saba. Narudi kulala.

Jumapili ya nne akaja binti yangu Marċella
kutoka Sliema, kwa kivuko cha saa nne asubuhi,
viatu vya ofisini, simu sikioni.
Nilikuwa uani namkagua yule kilema ukwato.
Niliporudi nilimkuta amesimama jikoni,
mkate mkononi, nyanya imepondwa juu yake,
siki yamteremka kidevuni.
Kifuniko kiko mezani, kimelala chali.

Nilipiga kelele. Sitayaandika niliyosema;
ni Randan, na kuta zetu za mawe ya chokaa hunyonya kila kitu.
Alitafuna polepole, kama mtu asiyejua
ameze au ateme.
Halafu, mdomo ungali umejaa:
"Chumvi imezidi, baba.
Siku zote bibi alizidisha chumvi."

Kweli. Siku zote.
Miaka hamsini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nikavuta kiti. Nikatia vidole ndani ya chupa,
nikatoa nyingine, nikamwekea kwenye sahani,
nikabaki nimeshika kiganja changu karibu na pua,
pilipili ikinichoma macho.
Zimebaki tano.
Pasaka bado wiki tatu,
na binti yangu anakata mkate mwingine.